Injini mbadala ya M35A2: kwa nini Cummins 6BT ya lori na si ya pikapu

Lori lenyewe ni M35A2, lile la jeshi la Marekani linaloitwa la tani mbili na nusu, magurudumu yote yanavuta. Injini yake ya LDT-465 imechoka. Gasketi ya silinda hedi imeungua mara ya pili, maji yanapungua na hakuna panapoonekana kuvuja, na asubuhi inatoa moshi mweupe kwa dakika nzima kabla ya kutulia. Mwenye lori hataki kulirudisha lilivyotoka kiwandani. Ameshatoa tairi za 9.00-20 zilizofungwa pacha nyuma, akaweka 14.00R20 moja moja, na mahali pa bodi anajenga kabini ya kuishi. Likijazwa maji, dizeli na mizigo litafika kilo 9,500. Anataka litembee kilomita 90 kwa saa kwenye lami bila injini kupiga kelele, lipande mlima wa asilimia 6 kwa kilomita 50 kwa saa, na likiharibika porini fundi aweze kulitengeneza kwa spana, bila kompyuta.

Uzito huo utazamwe kabla ya injini yoyote kutajwa. M35A2 tupu ina kama kilo 5,900. Kiwanda kiliruhusu mzigo wa kilo 2,270 nje ya barabara na 4,540 barabarani, yaani jumla ya tani 8.2 na tani 10.4. Kilo 9,500 ziko katikati: barabarani ni halali, porini zimezidi. Lori lililokwisha kuzidishiwa mzigo si la kuongezewa injini ya kulivunja, na jambo hili litarudi mbele.

Hesabu ya nguvu

Kwenye mlima wa asilimia 6, uzito peke yake unavuta lori nyuma kwa newtoni 5,590. Tairi kwenye lami zinadai kama 1,120 nyingine, tukichukua mgawo wa ukinzani wa 0.012. Upepo kwenye kabini bapa kama kabati, yenye uso wa mita 7 za mraba, unaongeza kama 650 kwa mwendo wa kilomita 50. Jumla ni karibu newtoni 7,360, na kwa mwendo huo ni kilowati 102 zinazotakiwa kufika chini kwenye tairi. Giaboksi, transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma) na difu tatu zinameza kama asilimia 15 njiani. Injini basi itoe kilowati 120, sawa na nguvu farasi 161.

Tambarare kwa kilomita 90, upepo ndio unaotawala: newtoni 2,100 dhidi ya zile 1,120 za tairi. Hesabu inatoa kilowati 95 kwenye injini, nguvu farasi 127. LDT-465 inatoa 134 hadi 140 ikiwa nzima. Ndiyo maana lori la namna hii huenda vizuri tambarare, kisha likiona kilima linaishiwa pumzi ghafla.

Mchanga laini una hesabu yake. Kwa kilomita 15 kwa saa na mgawo wa 0.2, zinatakiwa kilowati 91 tu. Mchangani lori halikwami kwa uhaba wa nguvu farasi. Linakwama kwa sababu injini haina msokoto kwenye mizunguko midogo, au kwa sababu gia zimerefushwa na tairi kubwa hadi klachi ndiyo inayofanya kazi ya gia.

Tairi zimebadilisha injini inayofaa

Ekseli za Rockwell za lori hili zina uwiano wa 6.72, na gia ya tano ya giaboksi ya Spicer 3053A ni ovadraivu ya takriban 0.8, yaani inazunguka kasi kuliko injini. Kwa tairi za asili, zenye mzingo wa kama mita 3.15, kilomita 90 kwa saa zinadai rpm (mizunguko kwa dakika) 2,560, na LDT inaishia 2,600. Injini ilikuwa inapiga kelele kwa sababu ilikuwa mwisho wa uwezo wake. Kwa 14.00R20, mzingo wa kama mita 3.75 ukiwa na mzigo, kilomita 90 hizo hizo zinakuja kwenye rpm 2,150.

Hapo kundi zima la injini linaondoka mezani. Injini inayotoa nguvu zake kwenye rpm 2,800, kama Detroit Diesel 6V53 ya miharakati miwili, haitafika huko katika gia ya juu. Itazunguka chini ya uwezo wake, ikinywa dizeli na kuvuja oili kama kawaida yake. Injini ya petroli ya V8 inaangukia shimo hilo hilo, na unywaji wake kwenye mchanga hauhitaji maelezo.

Tairi hizo zimeleta na hasara. Kilomita 50 kwa saa katika gia ya nne, ambayo ni moja kwa moja, ni rpm 1,490. Injini ya msokoto wa newtoni mita (Nm) 530 kwenye mizunguko hiyo inatoa kilowati 83, si 120. Mlima hautapandwa kwa gia ya nne, hata kama bamba la injini limeandikwa 160. Ukirudisha hadi gia ya tatu, tuseme uwiano wake ni 1.6, injini inapanda hadi rpm 2,390 na nguvu zinapatikana. Mwisho wa gia hiyo kwa injini inayokatwa 2,500 ni kama kilomita 52 kwa saa, kwa hiyo lengo linafikiwa kwa ukucha. Kabla ya kununua chochote, hesabu uwiano halisi wa giaboksi iliyopo: weka alama kwenye shafti ya kuingilia na ya kutokea, zungusha kwa mkono, hesabu. Giaboksi za malori haya zimekwisha kubadilishwa mara nyingi, na kitabu kinaweza kuwa cha lori jingine.

Injini zilizowekwa mezani

Kuijenga upya LDT-465 ndiyo njia yenye kazi ndogo ya kuchomelea. Inaingia ilipotoka, na inachoma karibu chochote kinachowaka, kwa mfumo wa mwako uliotokana na ule wa MAN. Ila nguvu zake hazifiki 161 bila kuongeza dizeli, na injini iliyokwisha kuunguza gasketi mara mbili haifai kuongezewa joto. Spea zake hazitengenezwi tena kwa wingi. Lori la maonyesho lijengwe nayo. Lori la safari, hapana.

Cummins 4BT ya lita 3.9 hupendekezwa sana kwa sababu ni fupi na inapatikana. Ile ya kawaida ina nguvu farasi 105. Hesabu imeshaikataa, na kuipandisha hadi 160 ni kuibebesha mzigo wa siku zote ambao ndugu yake wa silinda sita, 6BT, anaubeba bila jasho. Halafu silinda nne zake hutikisa kabini kiasi cha kulegeza nati za vioo.

Caterpillar 3116 ya lita 6.6 ina hoja nzito: ndiyo iliyowekwa kwenye M35A3, kwa hiyo kwamba inaingia limeshathibitishwa. Tatizo lake liko kwenye nozeli. Kila silinda ina nozeli-pampu yake, zote zimeunganishwa kwa reli moja, na kuzisawazisha kunahitaji vifaa maalumu. Zikipishana, silinda moja inalishwa kuliko nyingine na pistoni yake inaungua. Sharti la fundi mwenye spana halitimizwi.

Mercedes-Benz OM366A, na Isuzu 6BG1 yenye turbo, zote zinaingia katika kundi la nguvu linalotakiwa. Kama moja inapatikana nzima, pamoja na belihauzi yake (nyumba ya klachi nyuma ya injini), na spea zake ziko karibu kuliko za Cummins, ichukuliwe bila aibu. Hesabu hazijali jina.

Cummins 6CT ya lita 8.3 ndiyo kishawishi halisi. Ina slivu za maji zinazochomoka, jambo ambalo 6BT haina. Ikichakaa, unatoa slivu na pistoni, unaweka mpya, bila kupeleka bloku kwenye mashine. Na kwa msokoto wa Nm 800 na kitu, mlima ule wa asilimia 6 ungepandwa kwa gia ya nne bila kugusa klachi. Kinachoizuia ni vilivyo nyuma yake. Chukua gia ya kwanza ya karibu 5, gia nzito ya transfa ya karibu 2, na ekseli 6.72. Nm 820 zinakuwa kama Nm 55,000 kwenye magurudumu. Tairi za lori la kilo 9,500, kwenye ardhi ngumu inayoshika kwa 0.8, zinateleza zikifikia kama 44,000. Yaani injini inaweza kusukuma mpaka tairi ziteleze, na mzigo wote huo unapita kwenye chuma, ambacho kinaweza kukatika: shafti ya ekseli, msalaba wa propela au gia ya transfa. Kwa Nm 542 za 6BT hesabu inatoa 36,400, na gurudumu moja likining'inia bado shafti iliyobaki inaweza kukatwa, lakini kwa mvuto wa kawaida injini inazima kabla mzigo haujafika kiwango hicho. Ongeza kwamba tairi kubwa zimeshaipa kila shafti ya ekseli kazi ya asilimia 20 zaidi, na kwamba giaboksi ilipangwa kwa injini ya Nm 430 hivi. Anayetaka 8.3 anunue pia giaboksi, transfa na ekseli za tani tano, na hapo anajenga lori lingine.

Imebaki 6BT ya lita 5.9, vali 12, nguvu farasi 160 kwenye rpm 2,500 na Nm 542 karibu na 1,700. Iko pale pale kwenye hesabu. Ile ya vali 24 yenye pampu ya VP44 inaachwa kwa sababu pampu hiyo ya kielektroniki hufa pampu ndogo ya kuvuta mafuta inapodhoofika, na baadhi ya bloku zake, zilizo na namba 53 ubavuni, hupasuka kwenye njia ya maji. Zilizofuata, za reli ya pamoja, haziwezi kuvumilia maji kwenye dizeli.

6BT ipi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana watu hununua jina. Injini mbili za 6BT zinaweza kutofautiana pistoni, kamshafti, turbo na nozeli. Kinachozitofautisha ni namba ya CPL, yaani namba ya orodha ya vipuri iliyoundwa navyo, kwenye bamba la ubavuni. Bila bamba, bei ishuke au uondoke.

Ya pikapu ya Dodge ndiyo inayotangazwa zaidi, na kwa lori hili ndiyo isiyofaa zaidi. Haina kompresa ya hewa. Mahali pake ina pampu ya vakyumu. M35A2 hutumia hewa kusukuma breki zake za mafuta, kuendesha waipa, na kwenye baadhi ya transfa kuunganisha ekseli ya mbele. Utafunga kompresa ya mkanda kwenye mabano ya kuchomelea, na siku mkanda ukikatika mteremkoni utajua tofauti. Pia umeme wake ni volti 12, wakati lori ni la 24. 6BT iliyotoka kwenye lori, basi au mtambo huja na kompresa inayoendeshwa na gia, inayopozwa kwa maji ya injini na kulainishwa kwa oili yake, na mara nyingi stata ya volti 24.

Ya jenereta huwa safi, na saa chache, na ni mtego wa aina nyingine. Gavana yake imefungwa kwa rpm 1,500 au 1,800. Ukiiweka kwenye lori, itakuwa kana kwamba kuna mtu ameshika pedali. Pampu lazima ipelekwe kwenye benchi, ibadilishwe springi za gavana na kupimwa upya. Ya boti ina manifoldi ya ekzosi inayopozwa kwa maji, na nyingi zina sampu isiyofaa. Komatsu ya S6D102 ni ndugu wa damu wa 6BT na spea nyingi zinaingiliana, lakini angalia sampu na flaiwili.

Pampu: chagua ya mstari, ya aina ya Bosch P au A, kuliko VE ya mzunguko. VE hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli kavu au yenye maji inaimaliza. Ya mstari hulainishwa na oili ya injini. VE huzimwa kwa solenoidi: waya ukikatika, injini inazima hapo hapo mtoni. Ya mstari huwa na mkono unaoweza kuvutwa kwa waya wa chuma kutoka kabini. Na aliyezoea kumwaga oili chafu kwenye tangi la LDT aache mazoea hayo siku hiyo.

Kabla ya kulipa, iwashwe ikiwa baridi kabisa, na usikubali ikiwa imeshapashwa moto. Ikishapata joto fungua kifuniko cha oili: pumzi kidogo ni kawaida, pumzi inayokirusha kifuniko ni ringi. Shinikizo la oili lisiwe chini ya psi 10 ikinguruma taratibu na 30 kwenye mwendo wa kazi. Tapeti zipimwe ikiwa baridi: milimita 0.25 kwa vali za kuingiza na 0.51 kwa za kutoa. Tapeti moja iliyoachia mbali kuliko wenzake inaashiria kamshafti iliyolika.

Kazi ya kuifunga

Kwanza kuna pini. Nyuma ya kava ya gia za mbele, 6BT ina pini ya chuma inayopanga nyumba ya gia. Mtikisiko huisukuma nje taratibu mpaka inaangukia kwenye gia za kamshafti, na kava inapasuka au injini inakufa. Fungua kava injini ikiwa bado chini, rudisha pini ndani, ifungie kwa kibati chini ya bolti iliyo jirani. Ni kazi ya nusu siku. Injini ikishakuwa ndani ni ya siku mbili.

Pili, kuunganisha na giaboksi. Belihauzi za namna hii hufuata vipimo vya SAE, shirika la wahandisi wa magari, na zote tatu unazoweza kukutana nazo zina bolti 12, kwa hiyo kuhesabu matundu hakusaidii. Pima duara la bolti: milimita 428.6 ni namba 3, 466.7 ni namba 2, 530.2 ni namba 1. Pima upande wa injini na wa giaboksi, halafu ndipo uagize au uchonge bamba la kati. Bamba likishafungwa, weka saa ya kupimia kwenye flaiwili na uzungushe: tundu la katikati lisiyumbe zaidi ya milimita 0.2. Likizidi, klachi itatetemeka, kisha beringi ya mbele ya giaboksi itakufa, na watu watalaumu giaboksi. Hakikisha ncha ya shafti inaingia kwenye bushi ya kranki kwa kina kile kile cha zamani. Bamba la milimita 20 huirudisha nyuma milimita 20. Klachi iwe na uwezo wa angalau Nm 700.

Giaboksi isisogezwe. Ikibaki mahali pake, propela fupi ya kwenda transfa inabaki na pembe zake, na tofauti yote inaishia mbele, kwenye rejeta, ambako ni rahisi kuimaliza.

Tatu, sampu. Difu ya mbele iko chini ya injini, na ekseli ikipanda hadi mwisho wa springi ibaki nafasi ya milimita 50 angalau. Usipime lori likiwa limesimama. Toa springi moja, inua ekseli kwa jeki mpaka iguse vizuizi, kisha pima pande zote mbili, na mara nyingine upande mmoja ukiwa umeinuliwa peke yake. Sampu zipo za tumbo la mbele na za tumbo la nyuma; ukibadilisha, badilisha na bomba la kuvutia oili na kijiti chake.

Chesesi ya M35 hujipinda sana nje ya barabara, na hilo ni kwa makusudi. Mauntingi nne ngumu zitaigeuza injini kuwa sehemu ya chesesi, na masikio ya belihauzi yatapasuka. Funga kwa pointi tatu: moja mbele katikati, inayoweza kubembea, na mbili kwenye belihauzi.

Rejeta ya zamani inatosha kwa nguvu farasi 160 kama ni safi na ina shraudi, yaani kizingiti kinachoelekeza hewa ya feni. Kosa la kawaida ni feni iliyoachwa sentimita 15 nyuma ya rejeta bila shraudi. Lori linapoa vizuri barabarani na kuchemka mchangani, kwa sababu mchangani hewa yote hutegemea feni. Nusu ya upana wa pangaboi iwe ndani ya shraudi, na mwanya wa pembeni kama milimita 25. Intakula, kipozaji cha hewa ya turbo, si lazima kwa kiwango hiki. Kipimo cha joto la ekzosi ni lazima, kichomekwe kabla ya turbo, na dereva aachie mafuta kikikaribia nyuzi 700.

Tangi lisafishwe mpaka chuma kionekane, kisha liwekewe kitenga maji kabla ya pampu ndogo na filta baada yake. Bomba la kurudisha mafuta lifike chini ndani ya tangi, lisimwage juu na kuleta povu. Bomba la kutoka kwenye kompresa liwe la chuma kwa mita ya kwanza au zaidi, kwani hewa yake huunguza mpira.

Siku ya kuwasha, zungusha kwa stata huku mafuta yamefungwa mpaka geji ya oili ipande, ndipo uruhusu dizeli. Legeza nati za mabomba ya nozeli ili hewa itoke. Mtu mmoja asimame kwenye mdomo wa turbo na kipande cha ubao bapa: pampu iliyofunguliwa benchi na kufungwa vibaya inaweza kuipeleka injini bila kusikia pedali, na hapo kinachoizima ni kukata hewa tu. Asitumie kiganja. Baada ya kilomita 500 kaza tena bolti za mauntingi na za bamba la kati, kata filta ya oili utazame ndani kama kuna chuma, na pima tapeti upya injini ikiwa imelala usiku kucha.